Uchoraji ungali hai, nasi wa Kiswahili tumenyamaza

MIAKA miwili iliyopita niliketi katika jopo la kusikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili. Mmoja wao, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alisimama akasema alinuia kuandika tasnifu kwa Kiswahili kuhusu michoro ya rangi ya wasanii wa Afrika Mashariki. Hakufika mbali. Mwenzetu mmoja joponi, msomi ninayemheshimu hadi leo, alimkatiza na kumpa sababu mbili za kuachana na mada hiyo. Kwanza, alisema, uchoraji ni sanaa iliyopitwa na wakati. Dunia imehamia kwenye video, kompyuta na vitu vinavyopangwa ukumbini watu wakavizunguka. Pili, hata kama ungekuwa hai, Kiswahili hakina istilahi za kuujadili.

"Utaandika nini, kijana? Rangi nyekundu, rangi ya samawati, basi?"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Au tuseme nilitabasamu, lile tabasamu la mtu asiyetaka kukosana na mwenzake mbele ya wanafunzi. Kijana aliketi. Mwezi uliofuata alirudi na pendekezo jingine, kuhusu methali katika riwaya fulani, nalo likapita bila mtu kuinua mkono.

Sina ugomvi na methali. Ila kila ninapolikumbuka tabasamu langu, naona nina deni. Leo naomba nilipe sehemu yake hapa hadharani, kwa kuzipima zile sababu mbili kama nilivyopaswa kuzipima siku ile.

Madai kwamba uchoraji umekufa yana umri mkubwa kuliko babu zetu. Mwaka 1839, Louis Daguerre alipotangaza mjini Paris mbinu yake ya kunasa picha kwa mwanga, inasimuliwa kuwa mchoraji maarufu wa Ufaransa, Paul Delaroche, alitamka kwamba uchoraji ulikuwa umefikia kikomo siku hiyo. Huenda hakusema hivyo. Simulizi za aina hii hupenda kujishikiza kwa watu mashuhuri. Tunalolijua ni kwamba Delaroche mwenyewe aliendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 1856, na baada yake wakaja kina Monet, Cézanne na Picasso.

Kamera iliwanyang'anya wachoraji kazi moja, nayo ni ile ya kuhifadhi sura. Tajiri aliyekuwa akikaa mbele ya mchoraji kwa majuma ili apate sura yake ukutani, sasa alikaa mbele ya kamera dakika chache tu. Waliobaki na brashi mkononi walilazimika kujiuliza walikuwa na kazi gani nyingine. Swali hilo ndilo lililozaa sehemu kubwa ya uchoraji tunaoustahi leo.

Tangu hapo matanga ya uchoraji yameandaliwa mara nyingi. Ilipokuja sinema, matanga. Ilipokuja video, matanga. Sasa zimekuja programu za kompyuta ambazo ukiziandikia sentensi moja zinakutolea picha kabla hujameza mate, na matanga yameandaliwa tena. Kila mara waombolezaji wakifika wanamkuta marehemu jikoni akichemsha chai.

Hata hivyo, nisimwonee mwenzangu. Kuendelea kuwapo si sawa na kuwa na maana. Vipo vitu vingi vinavyoendelea kuwapo kwa sababu ya mazoea tu. Kwa hivyo swali lake lingali halali: je, mchoro wa rangi unafanya nini leo ambacho simu iliyo mfukoni mwangu haiwezi kufanya?

Kabla ya kulijibu, hebu tuigeukie ile sababu ya pili, kwani nadhani jibu la kwanza limefichwa ndani yake.

Ni kweli kwamba neno letu kuu katika uwanja huu ni pana mno. Kitenzi "kuchora" hufanya kazi ya vibarua wanne. Anayetumia penseli anachora, na anayetumia rangi za mafuta anachora. Fundi wa Lamu anayetia nakshi mlangoni, pengine tutasema naye anachora. Mama anayempamba bibi harusi kwa hina anachora. Mtoto anayeharibu daftari "anachora-chora". Msanifu wa majengo naye anakupa "mchoro wa nyumba". Ukijaribu kubainisha kwa kusema "kupaka rangi", unamwondoa msanii ukumbini na kumpeleka kwenye ngazi nje ya jengo: anayepaka rangi ni fundi wa rangi, yule mwenye ndoo na rola. Mchoraji ukimwita hivyo, hatakualika tena kwenye maonyesho yake.

Ila upana wa neno si umaskini wa lugha. Neno pana linatuonyesha kuwa wenye lugha waliona ukoo mmoja palipo na mambo ambayo wengine waliyatenga. Kwao mstari wa patasi, wa hina na wa brashi ulikuwa kazi ya mkono mmoja unaoacha alama juu ya kitu. Hilo ni wazo zima la kihakiki, na limekaa katika kitenzi cha silabi tatu tukilipita kila siku.

Aidha, tuna maneno tuliyowapokonya wachoraji wenyewe. Chukua "taswira". Hakuna mwanafunzi wa shule ya upili nchini asiyelijua. Analikariri kama mojawapo ya mbinu za lugha, kando ya tashbihi na sitiari. Lakini neno hilo limetokana na Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliotupa "sura", na huko lina maana ya kutengeneza picha au kutia kitu umbo. Wahakiki wa fasihi tulikwenda kwa jirani, tukaazima chungu chake, tukakipikia ushairi miaka na mikaka. Leo jirani anapokuja kuuliza chungu, tunamwambia kwamba yeye hana hata sufuria.

Basi maneno yapo. Na neno lililonikosa siku ile joponi, lile ambalo lingeweza kumjibu mwenzangu mambo yote mawili kwa pamoja, lilikuwa likitumika Lubumbashi zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Lubumbashi ni mji wa migodi ya shaba kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ni mji wa Kiswahili. Hicho si Kiswahili cha vitabu vyetu. Kina sarufi yake na kimebeba Kifaransa tele, lakini wenyewe hupendana, hugombana na huombeana kwacho. Katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa mji huo, wengi wao wakiwa hawajakanyaga chuo cha sanaa, waliuza michoro yao kwa watu wa kawaida: wafanyakazi wa migodini, makarani, walimu. Michoro ilitundikwa sebuleni. Mmojawapo wa iliyopendwa sana ni ule wa enzi ya ukoloni wa Mbelgiji, unaomwonyesha mfungwa akichapwa viboko na askari mweusi, huku bwana mkubwa mweupe akitazama.

Hebu ifikirie sebule hiyo. Kuna kochi, kuna redio, kuna watoto wanaokula, na ukutani kuna mtu anachapwa viboko. Mgeni angeuliza ni nani anayetaka kutazama unyama kama huo kila jioni. Wenye nyumba walikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa neno moja: "ukumbusho".

Mchoraji tunayemjua vizuri zaidi katika kundi hilo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974, kwa kuungwa mkono na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo, Tshibumba alichora takriban michoro mia moja inayoisimulia historia nzima ya nchi yake, tangu kabla ya wakoloni hadi utawala wa Mobutu. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kila alipoleta michoro, wawili hao waliketi wakaizungumzia mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yakanaswa kwenye kanda. Mazungumzo hayo yalikuwa ya Kiswahili. Mwaka 1996 Fabian aliyatoa pamoja na michoro katika kitabu kwa Kiingereza, *Remembering the Present*.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linanisuta. Moja ya mijadala mirefu na mizito kuhusu uchoraji iliyowahi kurekodiwa barani Afrika ilifanyika kwa Kiswahili, mchoraji mwenyewe akiwa ndiye mzungumzaji mkuu. Nami nilikaa joponi nikasikia kwamba Kiswahili hakina maneno ya uchoraji, nikatabasamu.

Sasa tulitazame neno lenyewe kwa jicho la sarufi. Kitenzi ni "kumbuka". Kikipewa kiambishi cha kusababisha kinakuwa "kumbusha", na hapo ndipo linapotoka jina "ukumbusho". Jirani yake ni "kumbukumbu", lililoundwa kwa kurudufisha. Katika matumizi ya kawaida mawili haya hukaribiana, lakini hayafanyi kazi moja. Kumbukumbu huwekwa: katika faili, kwenye kabati, ndani ya simu. Unaweza kuwa na kumbukumbu elfu kumi na usikumbuke chochote. Ukumbusho umebeba usababishi ndani yake, hivyo unadai watu wawili. Lazima awepo anayekumbusha na anayekumbushwa. Ukumbusho usiomfikia mtu haujawa ukumbusho bado.

Wenye sebule za Lubumbashi walikuwa wakisema jambo hilo hilo. Mchoro ulitundikwa ili uamshe hadithi. Mgeni akiutazama, baba wa nyumba anaanza kusimulia, mama anamsahihisha, mtoto anauliza. Ubora wa mchoro ulipimwa kwa mazungumzo uliyoyazua. Hiyo ni nadharia ya uhakiki, jamani, tena iliyotungwa na watumiaji wenyewe kwa Kiswahili chao.

Chukua mchoro wa Tshibumba wa kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba aliuawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kamera zilikuwa zimemnasa alipokamatwa mwezi uliotangulia, akiwa amefungwa mikono na kudhalilishwa mbele ya askari. Mahali alipouawa hapakuwa na mwandishi wa habari. Miili iliyeyushwa kwa tindikali ili pasibaki kaburi. Kilichorudi kwa familia yake, mnamo Juni 2022, ni jino moja lililokabidhiwa na serikali ya Ubelgiji.

Tshibumba aliwachora wakiwa wamelala chini, Lumumba akiwa na jeraha la ubavuni, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni inatiririka na kuandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Je, ndivyo ilivyokuwa? La. Hakuna damu inayojua tahajia. Na Tshibumba, aliyejiona kuwa mwanahistoria, alijua hivyo vizuri kuliko sisi. Misalaba mitatu haimwelezi mtazamaji jinsi miili ilivyolala. Inamwambia jinsi anavyopaswa kukipima kifo kile. Palipokosekana picha, kaburi na hata mwili, mchoraji alitengeneza mahali pa kusimama ili watu walizungumze jambo lililokusudiwa lisizungumzwe.

Mwenzangu wa jopo angeweza kusema: vyema, lakini hiyo ilikuwa 1974, na hapakuwa na kamera. Leo kila mtu ana kamera. Uchoraji wa kujaza pengo la kamera umekosa pengo la kujaza.

Pingamizi hilo ni zito, na linanipeleka Likoni.

Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwavamia abiria waliokuwa wakisubiri kuvuka feri kule Likoni, Mombasa. Kafyu yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Watu walichapwa, wakalazimishwa kulala kifudifudi, wakarushiwa vitoa machozi. Safari hii kamera zilikuwapo tele. Video zilisambaa nchini kabla ya saa ya kulala, na siku chache baadaye Rais wa wakati huo aliomba radhi kwa ukatili wa polisi. Kisha zikaja video nyingine za mambo mengine, nasi tukasogeza kidole.

Mwaka 2022 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alionyesha mjini Basel, Uswisi, mchoro ambao jina lake limebeba mahali na tarehe hiyo: *Curfew (Likoni March 27 2020)*. Miaka miwili ilikuwa imepita. Kwa mwendo wa habari, miaka miwili ni karne.

Mwaka jana nilifanya jaribio dogo darasani, nikitaka kujua kama mawazo yangu yana miguu. Niliwaonyesha wanafunzi wangu kwanza video moja ya siku ile. Walitazama. "Ah, hiyo tuliiona, mwalimu," mmoja akasema, na wengine wakaitikia. Ilikuwa kumbukumbu na tayari walikuwa nayo. Kisha nikawaonyesha mchoro wa Armitage, nakala tu, iliyorushwa ukutani kwa projekta. Walinyamaza kidogo. Kijana wa Kisauni akavunja kimya: "Lakini hizi rangi siyo za Likoni." Msichana aliyeketi nyuma yake akamjibu papo hapo, "Kwani wewe ulikuwa huko? Mamangu alikuwa." Akasimulia jinsi mama yake, aliyekuwa akitoka kazini, alivyofika nyumbani usiku akiwa na kiatu kimoja, na jinsi ambavyo hadi leo hapendi kupanda feri jioni. Kijana yule wa Kisauni aliuliza swali. Mwingine naye akaanza kusimulia ya kwao. Kengele ya mwisho wa kipindi ilitukuta hapo hapo.

Sidai kwamba darasa moja ni utafiti. Ninachosema ni kwamba nililiona neno la Lubumbashi likifanya kazi mbele yangu, na kwamba lilifanya kazi kwa sababu ya lile lile lililomkera kijana. Rangi zisizo za Likoni zilimlazimisha kuuliza. Video ilikuwa imemaliza kusema. Mchoro ulikuwa na nafasi ambayo mtazamaji alitakiwa aijaze. Kila kitu katika video kipo kwa sababu kilikuwapo mbele ya kamera. Kila kitu katika mchoro kipo kwa sababu mtu aliamua kiwepo, kwa mkono wake, kwa siku nyingi, na anawajibika kwacho. Unaweza kumuuliza, "Kwa nini?" Programu ya kompyuta nayo ukiiuliza itakujibu, tena kwa adabu, lakini haikuwahi kuwa na cha kupoteza.

Kuna jambo jingine kwa Armitage linalostahili kusemwa, nalo ni kitambaa chake. Hachori juu ya kitambaa cha kawaida cha wachoraji. Hutumia lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba inayotengenezwa na Waganda kwa kuliponda gome kwa nyundo za mbao hadi linapolainika na kutanuka. UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2005. Lubugo haiwi laini kama karatasi: ina matundu, ina mishono, ina makovu ya mti, na rangi inapofika hapo inabidi izunguke au izame. Katika Buganda, nguo hiyo ndiyo inayomsitiri maiti. Mchoro wa watu wanaopigwa, juu ya nguo ya kuzikia, una maana ambayo haiwezi kuonekana kwenye skrini ya simu. Tshibumba alikuwa na gunia la unga kwa sababu ya uhaba. Armitage ana gome kwa kuchagua. Lakini kwa wote wawili, kile kilicho chini ya rangi nacho kinasema.

Nisije nikaonekana nampigia debe mtu, hebu nitaje linalonitatiza. Mnamo Novemba 2019 mchoro wa Armitage uitwao *The Conservationists* uliuzwa mnadani New York kwa takriban dola milioni 1.5. Mchoro wa bei hiyo hautundikwi kwenye sebule ya mfanyakazi wa mgodini. Unaweza ukafungiwa ghala ukawa hisa tu, kama hisa za kampuni. Na ule wa Likoni ulitazamwa na watu wa Basel kabla ya watu wa Likoni. Hata michoro ya Tshibumba aliyozungumza na Fabian imeishia katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Mchoraji mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena. Ikiwa ukumbusho unahitaji anayekumbushwa, basi mchoro unaokaa mbali na wenye hadithi yake umekatwa ulimi. Hapo mwenzangu wa jopo ana hoja, japo siyo aliyoitoa. Uchoraji hautauawa na kamera. Unaweza kunyongwa kwa kukosa mtazamaji anayehusika.

Pia si kila kilichopakwa rangi ni ukumbusho. Zile pundamilia na machweo zinazouzwa kwa watalii hazimkumbushi mtu lolote isipokuwa likizo yake. Sizibezi, zinasomesha watoto. Ila mhakiki lazima aweze kusema kipi ni kipi, na kueleza kwa nini, kwa lugha ambayo mchoraji na jirani wa mchoraji wanaielewa.

Na hapo ndipo deni letu lilipo. Tunao wachoraji. Elimo Njau alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na jina lenyewe alilipa kwa Kiswahili. Sane Wadu aliacha kazi ya ualimu ili achore. Watu wakasema amerukwa na akili, naye akawajibu kwa kujibatiza "Sane", yaani mwenye akili timamu. Mzaha huo umedumu maisha yake yote. Armitage mwenyewe, alipopewa kumbi za Royal Academy jijini London mwaka 2021, aliingia na michoro ya watangulizi wake, wakiwemo Njau, Wadu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Meek Gichugu, ili Waingereza wasidhani ameota kama uyoga. Taasisi ya sanaa aliyoianzisha Nairobi, NCAI, ilifungua milango yake mwaka 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu. Kwa hivyo michoro imeanza kurudi nyumbani.

Sisi wa Kiswahili hatujaenda kuilaki. Ingia katika maonyesho mengi ya Nairobi usome maelezo yaliyobandikwa kando ya michoro: ni Kiingereza, tena kile kigumu cha kuwatisha hata wenye Kiingereza. Mlinzi anayesimama hapo saa nane kwa siku, ambaye pengine ameutazama mchoro kuliko mhakiki yeyote, hana sentensi moja aliyoandikiwa. Niliwahi kumuuliza mmoja aliuonaje mchoro aliokuwa akiulinda. Akaniambia, "Huyu mtu, mzee, anajua njaa. Angalia vile ameweka huo mkono." Niliuangalia mkono. Nilikuwa nimeupita.

Sipendekezi kamati ya istilahi. Tunazo za kutosha, na istilahi iliyotungwa chumbani kabla ya mtu kutazama mchoro huzaliwa ikiwa maiti. Ninachopendekeza ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili waende walipo wachoraji, wawasikilize wanavyoita rangi zao, brashi zao na makosa yao, kama Fabian alivyomsikiliza Tshibumba, na waandike waliyoyasikia. Maneno yatapatikana kazini. "Ukumbusho" halikutungwa na baraza lolote.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu yule kijana. Sasa anafundisha shule moja ya upili na tasnifu yake ya methali ilipita vizuri. Nilimwomba radhi kwa tabasamu langu. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama bado naamini jopo lingemkubalia leo. Nilimwambia sijui kuhusu jopo, ila mjumbe mmoja angezungumza. Akasema ana daftari la zamani lenye mahojiano aliyofanya na wachoraji watatu kabla ya siku ile, na kwamba hakulitupa.

Nimemwomba aniletee.